Likizo ya Chumba Namba Tisa

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa choo, kwa sababu ubao wa matangazo ulikuwa umepelekwa kupakwa rangi. Lilisema hivi:

"KWA WATUMISHI WOTE. Kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, watumishi wote wa Wakala wa Usajili wa Mihuri mtakuwa na furaha. Furaha itaendelea hadi majaji watakapoondoka. Atakayeshindwa kufurahi ajieleze kwa maandishi, nakala tatu."

Chini kulikuwa na saini ya Mkurugenzi na mihuri minne. Wakala huo ndio unaopiga muhuri mihuri ya ofisi nyingine zote, sasa ungejinyimaje?

Mama Majalada alilisoma tangazo mara mbili. Alikuwa karani wa majalada, mwaka wa kumi na tisa kwenye chumba kisicho na dirisha, na hakuna karatasi iliyowahi kupotea pale bila yeye kujua imepotelea wapi. Furaha hakuwa na ugomvi nayo. Shida yake ilikuwa moja tu: binti yake alikuwa na mimba ya miezi minane na nusu, mimba ya kwanza, tena anaishi mbali, safari ya basi ya siku nzima.

"Mama, usipokuja nitajifungua na nani?" binti alimuuliza kwenye simu. "Huyu mkweo si unamjua? Akiona damu ya mbu anaanguka kama gunia."

"Nakuja, mwanangu. Nasubiri likizo tu."

"Si ulisema hivyo hivyo mwezi uliopita?"

Alisema, kweli. Fomu yake ya kwanza ya likizo ilirudishwa kwa sababu aliijaza kwa wino wa buluu. Ya pili ilirudishwa kwa sababu kwenye nafasi ya sababu aliandika "uzazi wa binti yangu", na akajibiwa kwa barua kwamba anayejifungua si mtumishi wa wakala, hivyo aombe ruhusa kwa mwajiri wake mwenyewe. Ya tatu ilipita kila mahali, ikapanda ghorofa zote, ikafika mezani kwa Mkurugenzi. Pale ikapewa kazi. Mkurugenzi aliweka kikombe chake cha chai juu yake, na wiki tatu sasa fomu ilikuwa imelala pale chini, ina duara la kahawia katikati, kama nayo imeshasajiliwa.

Ndiyo maana, baada ya kusoma tangazo, alikwenda moja kwa moja kwa Afisa Rasilimali Watu. Huyu alikuwa kijana wa tai ndefu, na ofisi nzima walimwita Bwana Mkakati, kwa sababu hakuwahi kufungua dirisha bila kwanza kuandaa mkakati wa kulifungua.

"Shikamoo, Mama Majalada! Una furaha?"

"Marahaba. Furaha imeandikwa Jumatatu, mwanangu. Leo Alhamisi."

"Safi sana. Wewe unasoma nyaraka." Akamvutia kiti. "Mama, tunashindania Tuzo ya Ubora wa Rasilimali Watu na Mahali pa Kazi Panapotamanika. Wanakuja majaji watatu. Wabobezi."

"Wabobezi wa nini?"

"Mmoja kabobea kwenye motisha, mmoja kwenye mazingira, na mmoja, huyo ndiye mkuu wao, kabobea kwenye kubobea kwenyewe." Akashusha pumzi. "Tumejipanga kila kitu. Kuna kipengele kimoja tu kinatutoa jasho. Likizo."

"Hata mimi ndicho kilichonileta."

"Unajua Mkurugenzi amezuia likizo zote ili watu tujiandae na tuzo. Sasa hatuna hata mtumishi mmoja aliye likizo wa kuwaonyesha majaji."

Mama Majalada akasogeza kiti mbele. "Basi nipeni mimi."

Bwana Mkakati alimtazama kama mtu aliyeokota kitu njiani. Akasimama, akamshika mikono yote miwili. "Mama! Umeiokoa taasisi!"

"Naondoka lini?"

"Unaanza Jumatatu. Chumba namba tisa."

"Chumba namba tisa kuna nini?"

"Likizo yako."

"Mwanangu, mimi nakwenda kwa binti yangu."

"Sasa Mama, ukienda kwa binti yako, majaji watakuonaje?"

Swali lilikuwa na akili zake, kwa namna yake.

Chumba namba tisa kilikuwa stoo ya viti vilivyovunjika miguu. Viti vikahamishiwa chumba cha Mama Majalada, juu ya majalada. Ukutani, fundi wa mabango akachora ziwa kwa rangi ya bei ya chini, isiyokubali kukauka: maji ya buluu, jua lenye kope, na samaki mmoja anayecheka. Mbele ya ziwa wakaweka kiti cha kukunja cha turubai, kofia pana ya majani, miwani ya jua, na glasi ya maji yaliyotiwa rangi ya machungwa. Glasi ilikuwa na lebo: MALI YA WAKALA, USINYWE.

Jumatatu saa mbili kamili Mama Majalada akasaini daftari la kuingia likizoni. Mlangoni palikuwa na ratiba. Saa mbili na robo hadi saa nne: kustarehe. Saa nne hadi saa nne na nusu: kustarehe kwa chai. Saa nne na nusu hadi saa saba: kutazama ziwa. Saa nane hadi saa kumi: usingizi mwepesi, bila kukoroma. Saa kumi hadi saa kumi na robo: kuikumbuka familia. Saa kumi na moja: kusaini kutoka likizoni.

Siku ya pili alichelewa dakika tano, akaandikiwa barua ya onyo kwa utoro wa likizo.

"Mama, uko wapi?" binti akauliza kwenye simu, robo saa ya kuikumbuka familia.

"Niko likizo."

"Aah! Mama yangu mzuri! Kwa hiyo uko kwenye basi?"

"Hapana. Niko ofisini."

"Mama," binti akasema polepole, "umekula leo?"

Siku ya tisa alivumilia mpaka kwenye usingizi mwepesi, kisha akavua kofia akaenda kwa Bwana Mkakati. Akamwambia kwamba maonyesho ameyaonyesha vya kutosha, sasa anaomba likizo yenyewe, ile ya kwenda. Bwana Mkakati akafungua kompyuta, akakunja uso.

"Mama, una siku sifuri."

"Sifuri vipi?"

"Mfumo umekukata zote ishirini na nane. Ukishaingia likizo, unakata zote kwa mkupuo, haujui kukata nusu."

"Lakini sijaenda popote, baba!"

"Mfumo hauulizi umeenda wapi. Unauliza kama uko likizo." Akamgeukia kwa upole wa daktari. "Uko likizo?"

Mama Majalada aliitazama ile kofia mkononi mwake. "Niko likizo."

"Basi Mama, pumzika."

Alirudi namba tisa, akakaa mbele ya yule samaki anayecheka, na machozi yakamtoka bila sauti. Kwa mara ya kwanza miwani ya jua ikawa na faida.

Majaji walikuja Ijumaa, siku ya kumi na mbili ya likizo. Asubuhi hiyo, kabla hata hajasaini daftari, simu ikalia. "Mama, kiuno kinauma tangu alfajiri. Kinauma, kinaacha. Kinauma, kinaacha."

Mama Majalada hakungoja kusikia zaidi. Alitoka mbio kwenda kwa Mkurugenzi, akakutana na Bwana Mkakati ametanua mikono kwenye korido kama golikipa.

"Mama, wapi? Majaji wako kwenye ngazi!"

"Mwanangu ameshikwa na uchungu!"

"Nusu saa tu, Mama. Nakuapia. Nusu saa ya likizo, halafu uende unakotaka."

Akamrudisha kinyumenyume mpaka kitini, akamvalisha kofia, akamgeuzia uso kwenye ziwa.

Majaji walikuwa watatu kweli: mmoja wa kupima, mmoja wa kutikisa kichwa, na mmoja wa kuongea. Wa kuongea ndiye Jaji Mkuu, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwenye mnyororo. Walipita korido nzima wakipokewa na furaha. Wahasibu walicheka. Wapiga chapa walicheka. Mfagizi alicheka mpaka jaji wa kupima akamwekea rula mdomoni, akaandika: sentimita tisa.

Nyuma yao sauti ya Mkurugenzi ilikuwa inakuja kama gari la matangazo. "Mimi binafsi, waheshimiwa, sijachukua likizo mwaka wa kumi na nne huu! Kumi na nne! Ofisi hii bila mimi haisimami hata siku moja!"

Jaji Mkuu akaandika. Akapigia mstari. Akaongeza wa pili.

Wakaingia namba tisa.

"Na huyu, waheshimiwa," Bwana Mkakati akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeonyesha mtoto aliyelala, "ni mtumishi akiwa likizoni."

Jaji wa kutikisa kichwa akatikisa kichwa. Jaji wa kupima akaegemea ukuta kuangalia vizuri zaidi.

"Usiegemee ziwa, bado bichi!" Bwana Mkakati akaropoka, lakini koti lilikuwa limeshapata samaki mgongoni, anacheka vilevile.

Jaji Mkuu akainama. "Mama, uko likizo tangu lini?"

"Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, mheshimiwa. Naingia saa mbili, natoka saa kumi na moja. Nasaini."

"Nidhamu," akanong'ona jaji wa kupima.

"Na unajisikiaje?"

Mama Majalada alifungua mdomo kujibu kama alivyofundishwa, kwamba anajisikia kuthaminiwa. Simu ikatetemeka mapajani. Ikatetemeka tena. Akaitazama, akamtazama Jaji Mkuu, akayaacha yale maneno ya kufundishwa.

"Najisikia niko mahali siko, mheshimiwa. Mwanangu anajifungua leo, mimi niko hapa natazama samaki."

Mkurugenzi akakohoa. Bwana Mkakati akakohoa zaidi. Jaji Mkuu hakukohoa. Akavaa miwani yake, akafungua kitabu cha vigezo, akashusha kidole ukurasani taratibu.

"Kigezo cha Kumi na Saba," akasoma. "Mtumishi aliye likizo awe hayupo."

Akapandisha macho kitini.

"Huyu yupo," akasema.

Wote wakamgeukia Mama Majalada, wakamtazama kama yeye ndiye aliyeharibu hali ya hewa mle ndani.

"Anaweza kukaa nyuma ya mlango," Bwana Mkakati akapendekeza.

"Nyuma ya mlango kutakuwa na mtu. Alama ishirini hizo. Bila ishirini hizo nyinyi ni wa nne." Akageuza ukurasa. "Wa kwanza ni Wakala wa Vipimo vya Mizani."

Mkurugenzi alisikia jina hilo akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Mkurugenzi wa Mizani alikuwa shemeji yake, na walikuwa hawaongei tangu huyo shemeji apate kiti kinachozunguka.

"Mama Majalada! Ondoka!"

"Niende wapi, Bosi?"

"Popote! Usiwepo!"

Mama Majalada alisimama. Lakini miaka kumi na tisa ya majalada haimwachi mtu hivi hivi. "Bosi, sitoki bila fomu. Nikitoka bila fomu nitakuwa mtoro."

"Hilo nalo ni kweli," Jaji Mkuu akasema. "Kigezo cha Kumi na Nane."

Mkurugenzi akakimbia. Ndiyo, alikimbia, na watumishi waliokuwa koridoni hawakujua kama kukimbia kwake kumo kwenye ratiba ya furaha, wakapiga makofi kwa tahadhari. Akainua kikombe, akasaini juu ya duara la chai, akarudi anahema, fomu inapepea.

Mama Majalada akaikunja vizuri, akaitia ndani ya pochi. Kisha akasema, kwa adabu kabisa, macho chini: "Na kile kitabu cha sera yetu ya likizo, Bosi, kile tulichowapelekea majaji, mimi ndiye niliyekiweka kwenye jalada. Ukurasa wa kumi na mbili."

Jaji Mkuu alikuwa nacho. Akafungua. "'Mtumishi anayekwenda likizo husindikizwa na gari la ofisi mpaka mlangoni, popote aendako, kwa heshima.'" Akapandisha uso. "Jambo zuri sana. Tungependa kuliona."

Ofisi ilikuwa na gari moja tu zima. Mkurugenzi akatoa ufunguo mfukoni kama mtu anayejing'oa jino, akampa Dereva.

Dereva alikuwa ameendesha gari lile miaka sita kama amebeba mayai, maana Mkurugenzi hapendi kutikiswa. Siku hiyo alimwangalia Mama Majalada kwenye kioo akauliza, "Dada, tunaendaje?"

"Kama hatupo, kaka yangu."

Wakaenda kama hawapo.

Walifika jua likiwa bado juu kidogo. Mkwe alikuwa mlangoni mwa zahanati, kijasho chembamba, anasema yuko sawa, yuko sawa kabisa, na Dereva akamdaka kabla hajafika sakafuni. Mama Majalada akapita juu ya miguu yake, akaingia. Binti alimshika mkono akaubana mpaka pete ikaacha alama.

"Umekuja."

"Nimekuja."

"Ya kweli au ya ofisini?"

"Ya kweli, mwanangu. Imesainiwa. Sukuma."

Mtoto alikuja baada ya saa mbili, wa kike, ana sauti kama king'ora. Dereva alipoambiwa habari za kile kigezo vizuri akasema huyo mtoto ni Bibi Kigezo, na mpaka leo nusu ya ukoo wanamwita hivyo.

Wiki moja baadaye Dereva, ambaye alikuwa amesharudi na gari, alipiga simu. Kulikuwa na kelele kama za harusi.

"Dada! Umekaa?"

"Nimempakata mjukuu."

"Mlaze kwanza. Tumeshinda tuzo! Bosi kapanda jukwaani, kamera hizo, kapewa na hati ya ahadi asaini. Unamjua bosi na kamera. Kasaini bila kusoma, anacheka hivi. Halafu yule mama mwenye miwani ya mnyororo akaisoma kwenye kipaza sauti!"

"Inasemaje?"

"Kila mtumishi wa taasisi iliyoshinda mwenye likizo aliyolimbikiza anaanza kuimaliza kesho yake. Na haruhusiwi kugusa kazi mpaka siku ya mwisho iishe. Bosi ana miaka kumi na minne, Dada! Siku mia tatu tisini na mbili! Shemeji yake wa Mizani alikuwa mstari wa mbele. Alipiga makofi akiwa amesimama, peke yake, mpaka akaombwa akae."

"Na wewe?"

"Mimi nina siku mia moja na arobaini. Nakupigia nikiwa kitandani. Wote tumetoka, ofisi nzima. Kelele hizi ni majirani, nimewaambia waje washangae mtu aliye likizo."

Mihuri yote ya ofisi zote ilikaa bila kusajiliwa kwa wiki tatu. Hakuna aliyegundua. Ofisi ziliendelea kupiga mihuri yao bila kupigiwa muhuri, na karatasi zikaendelea kuwa karatasi.

Siku za ile fomu yake zilipobaki mbili, Mama Majalada akapata barua kutoka kwenye Bodi. Aliisoma mara tatu. Bodi ilieleza kwamba imepitia orodha ya watumishi wote, na kwa mujibu wa mfumo, mtumishi pekee asiye na siku hata moja ya likizo, mwenye sifuri safi, ni karani wa majalada. Kwa kuwa yeye ndiye mtu pekee ambaye sheria inamruhusu kuwepo, Bodi ina furaha kumteua Kaimu Mkurugenzi hadi hapo Mkurugenzi atakapomaliza kupumzika.

Alirudi Jumatatu. Mlinzi, ambaye ni wa kampuni ya ulinzi na hahusiki na tuzo za watu, alimfungulia geti kwa saluti.

"Karibu, Bosi. Yule wa namba tisa keshafika."

"Nani?"

"Mkurugenzi. Siku ya kwanza alikaa nyumbani, mkewe akamrudisha saa nne, kasema mume anampangia foleni ya kwenda jikoni kwake mwenyewe. Tangu hapo anakuja huku. Ofisini siwezi kumwingiza, yuko likizo. Nikaona pa kumweka ni kule kwenye likizo. Anawahi, Mama, sijui nisemeje. Saa mbili kasoro ameshasaini."

Kuhusu Kigezo cha Kumi na Saba, Bwana Mkakati alikuwa ameacha maelezo ya maandishi kabla ya kuondoka: vigezo ni vya kushindania tuzo, si vya kuishi navyo.

Mama Majalada alifungua madirisha ya ofisi ya Mkurugenzi, yote matatu. Akachemsha chai. Hajakaa vizuri, mlango ukagongwa kwa woga. Alikuwa Mkurugenzi, kofia ya majani mkononi, mgongo wa shati una rangi ya buluu.

"Shikamoo, Mama," akasema, ingawa walikuwa wamezaliwa mwaka mmoja.

"Marahaba. Likizo inaendaje?"

"Mama, yule samaki." Akatazama nyuma koridoni. "Yule samaki hanyamazi." Akasogeza karatasi mezani kwa mikono miwili. "Hii ni fomu ya kusitisha likizo. Inataka saini ya Mkurugenzi tu. Mimi nimezuiwa kusaini, nitakuwa nimegusa kazi. Nimebakiwa na siku mia tatu sabini, Mama yangu. Nakuomba."

Mama Majalada akaivuta fomu karibu. Akaisoma kwa makini, mstari kwa mstari, kama alivyosoma kila karatasi kwa miaka kumi na tisa.

"Bosi, hii imejazwa kwa wino wa buluu."

"Aa! Samahani. Nitaijaza tena."

"Na hapa kwenye sababu, umeandika 'nimechoka'. Mtu aliye likizo hachoki, Bosi. Anayechoka ni mtumishi wa kazini, na huyo si wewe."

"Basi niandike nini?"

"Usihangaike, iache tu. Nitaishughulikia." Akatazama saa ukutani. "Lakini saa nne hiyo. Saa hizi si unatakiwa kustarehe kwa chai?"

Mkurugenzi aliitazama saa, akashtuka, akavaa kofia yake, akatoka mbio mbio koridoni kabla hajaandikiwa utoro.

Mama Majalada akachukua kikombe chake, kinafuka mvuke. Akatafuta pa kukiweka ili asiharibu meza ya serikali. Akakiweka juu ya fomu. Kisha akaegemea kile kiti, akatoa simu, akampigia binti yake, na akaikumbuka familia kwa muda mrefu kuliko robo saa.